Shida Ndogo Nazo Zipate wa Kuzipokea

Hotuba kwa wanachama wa kikundi cha kusaidiana cha wafanyabiashara wa mpakani, Busia, Uganda

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana wa bodaboda mlioacha steji zenu mchana huu, na wenzetu mliovuka asubuhi kutoka upande wa Kenya: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni na kazi.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze nanyi alinipa mada pana, kuhusu kufarijiana kwa njia ya simu. Kwa ruhusa yake nitaipunguza. Nitazungumzia shida ndogo, zile ambazo mtu huona haya kuzitaja kwa kuwa hazifikii kuitwa msiba wala maradhi makubwa, na nitauliza ni nani kati yetu mwenye wajibu wa kuzipokea zinapotajwa katika kikundi chetu cha WhatsApp. Ninasema wajibu kwa makusudi. Huruma tunayo ya kutosha.

Kwa shida kubwa, kusema kweli, hatujambo. Mwanachama akifiwa usiku, kabla ya alfajiri mtunza hazina ameshaweka namba ya kutumia rambirambi, orodha ya majina na michango inarefuka kila dakika, mwenye pikapu ameshajitolea, na kina mama wameshagawana nani apeleke unga, nani kuni na nani sukari. Hili hatukufundishwa na simu. Baganda wana vikundi vyao vya munno mukabi, vya kufaana wakati wa kufiwa na wakati wa sherehe, na huko Kigezi na Ankole kuna vikundi vya engozi, yaani machela. Katika milima ile isiyopitika kwa gari, mgonjwa alibebwa begani na wanaume wa kijiji hadi hospitali, nao wakapokezana njia nzima. Kikundi kilichombeba mgonjwa ndicho kilichombeba maiti, na baadaye vingi vya vikundi hivyo vikaanza pia kuweka akiba na kukopeshana. Jambo ninalotaka mlione katika engozi ni kwamba hakuna aliyeulizwa kama anamwonea mgonjwa huruma. Zamu yake ikifika, anabeba. Siku hiyo huenda amegombana na mgonjwa huyo huyo kwa sababu ya mpaka wa shamba, na bado anabeba.

Sasa tuangalie linalotokea shida inapokuwa ndogo. Mwanzoni mwa muhula wa pili, mama mmoja wa kikundi hiki, ambaye ameniruhusu kulisimulia hili mradi nisimtaje, aliandika ujumbe saa tatu usiku. Aliandika kwamba mtoto wake wa darasa la nne amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, kwamba zimebaki shilingi elfu thelathini na tano tu, na kwamba mukene, yaani dagaa, alioutoa mwaloni Majanji na kuuanika umenyeshewa na mvua ya jioni kiasi kwamba hata wa chakula cha kuku hataki kuununua. Mistari minne. Hakuomba chochote. Zikaja alama za mikono ya dua, zikafuatana. Mtu akaandika "pole sana mpendwa". Mwingine akaandika kwamba Mungu atafungua njia. Mmoja alituma picha ya maua yenye kumetameta. Kisha mfanyabiashara mmoja akaweka tangazo la magodoro, vijana wakaanza ubishi wao wa mpira wa Uingereza, na kabla ya saa sita ujumbe wa yule mama ulikuwa umepanda juu kabisa, hauonekani mpaka uutafute. Asubuhi tuliamka tukakuta mahali pake pameandikwa: "Ujumbe huu umefutwa."

Nilimpigia simu nikamuuliza kwa nini ameufuta. Akanijibu, "Dada, niliona nimejivua nguo sokoni halafu watu wakaendelea kununua nyanya."

Nimeitafakari sana kauli hiyo, na sitaki tuipokee kama lawama kwa wale walioandika pole, kwa sababu kila mmoja wao aliandika kwa moyo safi. Aliyetuma maua alikuwa amelala na mtoto mgonjwa kando yake. Tatizo ni kwamba kila aliyesoma alidhani mwenzake atalishughulikia. Katika kikundi chenye watu wengi hivi, shida inayoelekezwa kwa wote haimfikii yeyote, na kadiri pole zinavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyopata amani kwamba jambo limeshapata watu. Laiti mama yule angeandikiwa na mtu mmoja tu, asiye na hata shilingi mia ya kumpa, lakini akamuuliza, "Mukene uliobaki ni kiasi gani, na mwalimu mkuu wa shule hiyo ni nani?", nadhani ujumbe ule usingefutwa. Tena katika kikundi hiki hiki tuna mjumbe wa kamati ya wazazi wa shule ile. Aliusoma ujumbe siku mbili baadaye, ulipokuwa haupo tena.

Kuna anayeweza kusema kwamba elfu thelathini na tano si jambo la kumsimamisha mtu kutoa hotuba. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Katika miaka niliyoifanya kazi ya ushauri nasaha, sijawahi kumwona mtu aliyebeba jambo zito akaja akaliweka mezani siku ya kwanza. Huanza na jepesi. Mwanamume anayeuliza kikundini ni fundi gani wa pikipiki asiye ghali, huenda ameshindwa kulipa mkopo wa pikipiki yenyewe kwa miezi kadhaa na mwenye mali anamtafuta. Msichana anayelalamika kwamba halali vizuri, huenda anaishi na shemeji anayemgongea mlango usiku. Mtu huyo anatuangalia tutaifanyia nini ile shida ndogo, na kwa namna tutakavyoipokea ataamua kama kubwa ailete au arudi nayo. Tukimpa maua yenye kumetameta, amepata jibu lake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumezoea kumkariria methali hiyo mgonjwa. Mimi ningependa siku moja tuwakaririe wale aliojaribu kuwaambia.

Nchi hii inalijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Wale wenye umri wangu mnakumbuka miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kumaliza watu Rakai na tukauita silimu, jinsi majirani walivyoacha kuingia katika nyumba yenye mgonjwa na jinsi vyombo vyake vilivyotengwa. Mwezi Januari 1987 Bi. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago, alifiwa na mumewe Christopher kwa ugonjwa huo. Mwaka huo huo, yeye na wenzake, watu 16 kwa jumla, ambao wengi wao walikuwa wanaishi na virusi, waliunda TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Jiulizeni walikuwa na nini mkononi. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Zilikuja kuwafikia wananchi wa kawaida baada ya miaka kama 17 hivi. Walichokuwa nacho ni kukutana, kuulizana hali, kutembeleana majumbani, na kufundisha watu wa kawaida namna ya kumsikiliza mgonjwa na jamaa zake bila kumhukumu. Wengi wa waanzilishi hao hawakuishi kuyaona matunda, lakini utaratibu walioujenga uliishi, kwa sababu kila mgonjwa alikuwa na mshauri wake anayejulikana, na mshauri huyo alikuwa na siku yake ya kumtembelea.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alirudi kutoka Sweden akatangaza mbele ya taifa kwamba ana UKIMWI, akazunguka mashuleni na makanisani kuwaambia vijana, na mwezi Desemba mwaka huo akafariki. Tunamheshimu, na tunastahili kumheshimu. Hata hivyo naomba tusimfanye kuwa kipimo cha kila mtu. Siku hizi nasikia vijana wakiambiwa kwamba dawa ya shida ni kusema wazi mbele ya wote, nami siamini hivyo. Lutaaya alikuwa mtu wa jukwaani aliyechagua kulitumia jukwaa lake. Muuza nyanya wa Busia hahitaji jukwaa. Anahitaji watu wachache wanaomjua kwa jina, watakaomuuliza tena Jumanne ijayo.

Na hili la watu wachache lina ushahidi uliopatikana hapa hapa Uganda. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, miongoni mwa watu waliokuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kufanya kazi. Katika nusu ya vijiji hivyo waliundwa vikundi vidogo, wanaume peke yao na wanawake peke yao, na kila kikundi kikakutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wa maeneo hayo waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Walizungumza nini? Walizungumza mambo haya haya yetu: aliyefiwa, aliyegombana na mwenzi au jirani, aliyebadilikiwa na maisha akajikuta mjane au mgonjwa, na aliye mpweke. Kila wiki mtu alieleza wiki yake ilivyokwenda, wenzake wakamsaidia kutafuta la kufanya, na wiki iliyofuata wakamuuliza lilifikia wapi. Kabla ya hapo, katika vijiji vilivyopata vikundi, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na vigezo vya sonona kali, na katika vijiji vingine asilimia 94. Mwishoni, waliopata vikundi walibaki asilimia 6.5 tu, ilhali wale wengine walibaki asilimia 54.7.

Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia. Msidhani ninawaambia kwamba gumzo ni dawa ya kila kitu, maana gumzo tunalo tangu asubuhi mpaka usiku, na simu zimejaa mpaka zinagoma. Kilichofanya kazi kule Rakai ni gumzo lenye mipaka: watu wale wale, idadi ndogo, siku ile ile, na swali la wiki iliyopita kurudiwa. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kikundi kimoja, lakini hakuna mtu aliyeongezewa masikio.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba kikundi chetu kikubwa kibaki kwa matangazo, misiba, bei za mahindi na habari za forodha, na chini yake tuwe na vikundi vya watu wanane hadi kumi, vilivyogawanywa kwa jinsi tunavyoonana: safu ya nguo za mitumba, wauza samaki, wabadilisha fedha, steji za bodaboda, mama lishe. Watu wanaoonana kwa macho. Katika kila kikundi kidogo awepo mtu wa zamu, zamu yake iwe wiki moja, na wajibu wake uwe huu: ujumbe wa shida ukiingia, yeye ndiye anayepiga simu kabla ya jua la pili kuzama. Wengine wakitaka kuandika pole, waandike, pole haina ubaya. Lakini ajulikane mwenye zamu, ili akikaa kimya tumuulize kama anavyoulizwa mtu aliyekwepa kubeba engozi.

Je, akipiga simu aseme nini? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wema wanapoharibu. Sisi tuna pupa ya kushauri. Mtu hajamaliza sentensi tumeshamwambia afunge na kuomba, au amwache huyo mume, au auze ule mbuzi. Wengine tuna tabia ya kumpokonya mwenye shida zamu yake: yeye anasema mtoto hali, sisi tunamwambia wa kwetu mwaka juzi alivyokaa siku nzima bila kula, na mwisho wa simu yeye ndiye anayetupa pole. Anza kwa kumwacha aseme mpaka anyamaze mwenyewe. Kisha muulize jambo moja: "Ungependa nikusikilize tu, au tutafute pamoja la kufanya?" Mtu akisema anataka kusikilizwa tu, mwamini, hajakuficha kitu, na kesho anaweza kutaka jingine. Akisema mtafute la kufanya, msilibebe furushi lote kwa mkupuo. Kule Harare, nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa kuwafundisha bibi wa mitaani wakae na watu wenye dhiki kwenye mabenchi nje ya zahanati. Bibi hao humwacha mtu ataje matatizo yake yote, halafu humwomba achague moja la kuanza nalo na hatua moja anayoweza kuichukua wiki hiyo. Yule mama wa mukene alikuwa na matatizo mengi, lakini la kuanza nalo lilikuwa mtoto arudi darasani Jumatatu, na hatua yake ilikuwa kuongea na mwalimu mkuu akiwa na mtu wa kumsindikiza. Ndivyo lilivyomalizika, hatimaye. Mwalimu alimpa wiki tatu.

Na anayepiga simu apige kweli. Najua bando ni ghali na dakika ni ghali, na wengi wetu hungoja ofa ya usiku. Lakini maandishi hayana sauti, na sauti ndiyo inayokueleza kama mtu anatania au analia. Nimesoma ujumbe wa "niko sawa tu" kutoka kwa mtu ambaye nilipompigia hakuweza kuimaliza sentensi hiyo hiyo.

Kuhusu fedha sitasema mengi, maana mtunza hazina yupo na anayajua kuliko mimi. Nitakumbusha tu kwamba tangu fedha za simu zilipoingia nchini mwaka 2009 imekuwa rahisi mno kutuma elfu mbili na kuona kwamba umemaliza wajibu. Mnapotuma, tumeni na za kutolea, kwa sababu mwenye shida hukatwa ada ya kampuni na juu yake kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa, na mchango wa watu wengi wadogo wadogo humfikia umeliwa pembeni. Afadhali zaidi tuwe na mfuko wa jamii kama walivyo nao wenzetu wa vikundi vya kuweka na kukopa vijijini, vile vyenye sanduku la kufuli tatu na washika funguo watatu, ambavyo utaratibu wake ulianzia Niger mwaka 1991 ukaenea mpaka kwetu. Katika vikundi hivyo kila mwanachama huweka kiasi kidogo kilicho sawa kila mkutano, mbali kabisa na akiba yake, na fedha hiyo hutolewa kwa dharura bila mtu kusimama kuomba. Hilo nalo litawapunguza matapeli. Mtu anayetuma picha ya mgonjwa asiyejulikana na namba ya simu isiyo na jina lake, mtu wa zamu anakwenda kumwona. Akikataa kuonwa, tumeshajua.

Ndugu zangu, kuna jambo linaloweza kuyavunja haya yote kwa siku moja, nalo ni kusambaza maneno ya mtu. Mwanachama wetu mmoja aliandika kwamba amesimamishwa kazi na hajui amwambieje mke wake. Kabla hajapata maneno, mwenye nyumba wake alikuwa ameshafika mlangoni kudai kodi ya miezi miwili ya mbele, akiwa na picha ya ujumbe ule ule kwenye simu yake. Hatujamjua aliyeipiga picha ile skrini, nami sitaki tumtafute leo. Tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha ya mwaka 2019, na ni vizuri ipo, lakini hakuna sheria inayoweza kulirudisha neno likishavuka barabara. Hapa mpakani neno huvuka haraka kuliko lori. Ninapendekeza kwamba anayethibitika kutoa nje maneno ya mwenzake aondolewe katika kikundi kidogo, na arudishwe tu kwa ridhaa ya yule aliyefichuliwa, wala si ya kamati. Kamati zetu zina huruma nyingi kwa watu wanaoomba radhi kwa ufasaha.

Nawageukia vijana wa steji, na wanaume wengine pia. Nimeangalia mazungumzo yetu kwa muda mrefu, na shida karibu zote huletwa na kina mama. Siamini kwamba wanaume wa Busia hawana shida. Mnapoandika, mnaandika utani, na mwenye kuzidiwa ndiye huzidisha utani. Steji zenu zina mwenyekiti, zina orodha, zina mchango wa mwenzenu akipata ajali, na mwenzenu asipoonekana siku mbili mnajua. Basi mmeshajenga sehemu kubwa. Ongezeni swali moja tu mnapomfuata nyumbani, mbali na lile la pikipiki iko wapi. Wakati wa karantini ya korona mwaka 2020, bodaboda zilipokatazwa kubeba abiria na mpaka ukafungwa kwa wachuuzi wadogo, ni wanaume wangapi walikaa uani tangu asubuhi mpaka jioni wakiangalia ukuta, na watoto nao wako nyumbani kwa sababu shule zilizofungwa mwezi Machi mwaka ule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022? Tuliwaletea unga wa posho. Hatukuwauliza kitu.

Yapo pia yanayozidi uwezo wetu, na mtu wa zamu lazima ayajue ili asijifanye hospitali. Mtoto anayeteswa au kunajisiwa si wa kujadiliwa kikundini hata kidogo: piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, au nenda polisi katika kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ajulishwe iwapo yeye mwenyewe si sehemu ya tatizo. Mtu akitamka kwamba amechoka kuishi, usimwambie aache mawazo mabaya na usimpeleke kikundini kuombewa na umati. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Kaa naye, ondoeni karibu yake sumu ya wadudu na vidonge, na mmpeleke kituo cha afya. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, si lazima mtu afikishwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ndipo ahesabiwe kuwa ametibiwa. Na mkimpeleka, msirudi mkaanza kumwita majina. Atarudi sokoni, na atahitaji kukuta meza yake ipo.

Kabla sijakaa, nikumbushe Januari 2021. Usiku wa kuamkia uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Kikundi chetu kilinyamaza, na katika siku hizo mwenzetu mmoja alijifungua kabla ya wakati wake, na waliokuwa na namba yake kwenye WhatsApp hawakuwa nayo mahali pengine popote. Aidha wapo mama zetu hapa wenye simu za kitochi ambao hawajawahi kuona hata ujumbe mmoja wa kikundi hiki na huchanga kwa kuambiwa. Kwa hiyo kila kikundi kidogo kiwe na daftari la karatasi: jina, namba ya simu, anapokaa, na mtu wa karibu wa kuitwa. Mwenye kitochi apewe jirani wa kumpelekea habari na kuleta zake. Katika daftari hilo iandikwe pia lugha ambayo mtu anapenda kuzungumza akiwa na uchungu. Tunafanya biashara kwa Kiswahili, na mimi ninakipenda, lakini mtu aliyefiwa na mtoto anaweza kutaka kulia kwa Kisamia, kwa Kiteso au kwa Kijapadhola, na ni haki yake kupigiwa simu na anayemwelewa.

Ndugu mwenyekiti, ninaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo yangu: vikundi vidogo, zamu ya wiki moja moja, mfuko wa jamii, adhabu ya kusambaza maneno, na daftari. Naomba lianze kujadiliwa lile la zamu, kwa sababu mengine yote yanalitegemea, na naomba jina la kwanza katika orodha ya wauza samaki liwe langu, kuanzia Jumatatu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.